Shangazi, shule ya mapadri inataka mwanangu akariri kidato cha tatu kwa sababu ya wastani wa 54

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata, nauza sufuria na vyombo vya plastiki kwenye fremu niliyopanga karibu na stendi. Mume wangu ni dereva wa malori, anapeleka mizigo Zambia na Lubumbashi, kwa hiyo nyumbani yupo siku chache tu kwa mwezi. Mtoto wetu wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 17, anasoma bweni kwenye shule ya sekondari ya wavulana ya Kanisa Katoliki, hapahapa Dar es Salaam. Jina la shule nalificha, utanisamehe.

Alivyoingia pale ilikuwa furaha ya ukoo mzima. Usaili ulikuwa na watoto wengi, waliochukuliwa wachache. Baba yake alichinja mbuzi, akawaita jumuiya yote. Ada tunalipa kwa kubanana, lakini hatujawahi kudaiwa muhula mzima. Kidato cha pili alipata Daraja la Pili kwenye mtihani wa taifa, tukashukuru Mungu.

Sasa amemaliza kidato cha tatu. Shule ina wastani wake wa kuvuka kwenda kidato cha nne, nao ni 60. Mwanangu amepata 54, amekuwa wa 71 kati ya 88. Mkuu wa shule, ambaye ni padri, aliniita ofisini siku ya kufunga. Aliongea kwa upole sana. Alisema, "Mama, hatumfukuzi. Tunakushauri." Akanipa njia tatu: akariri kidato cha tatu, au nimtafutie shule nyingine, au aendelee kusoma palepale ila jina lake lisajiliwe kwenye kituo cha shule nyingine wanayoshirikiana nayo, akafanyie mtihani huko Novemba. Wanataka jibu kabla ya kufungua Januari.

Alama zake ni hizi: Kiswahili 72, Historia 66, Kiingereza 63, Jiografia 60, Baiolojia 58, Kemia 47, Maarifa ya Biblia 46, Fizikia 41, Hisabati 33.

Kinachoniuma, Shangazi, huyu mtoto ndiye anayepiga kinanda kwenye misa ya shule kila Jumapili. Siku ya wazazi padri huyohuyo alimsimamisha mbele ya watu akamsifu, tukampigia makofi. Leo ndiye wa kuondolewa.

Mwenyewe ananiambia, "Mama, nikariri tu, ila usimwambie baba." Baba yake ni mwenyekiti wa jumuiya, na ameshatangaza kwa watu kwamba mwanawe atakuwa injinia. Alishawahi kusema kijana akileta mchezo na ada yake atampeleka kwa babu yake Kilosa akalime. Juzi alipiga simu akiwa Tunduma akauliza matokeo, nikamwambia ripoti haijatoka. Tangu hapo silali. Mtoto naye hali vizuri, anashinda chumbani, kwaya ya vijana hapa parokiani ameacha kwenda, na kinanda chake kidogo amekifunika kitambaa.

Jirani yangu anasema nimpeleke shule ya kata, ni bure. Mwingine anasema huko atafundishwa bangi. Shemeji yangu anataka niende redioni niwaanike. Mimi nawaza, kumshtaki padri si dhambi? Na tulipojiunga tulisaini fomu kwamba tumekubali masharti yote, na wastani ulikuwemo. Je, wana haki ya kunifanyia hivi? Nifanyeje?

Mama wa Tabata

*

Marahaba, mama.

Kabla ya padri na kabla ya mumeo, nimechukua kalamu nikazipigia hesabu zile alama, na nakuomba na wewe uzipige, kwa sababu inaelekea hakuna aliyezihesabu upya tangu ripoti itoke. Baraza la Mitihani halimpi mtoto daraja kwa wastani. Linatazama kila somo peke yake. Kwenye mtihani wa kidato cha nne, 75 kwenda juu ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, chini ya hapo ni F. A ina pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Wanachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi na kujumlisha pointi zake: 7 hadi 17 ni Daraja la Kwanza, 18 hadi 21 la Pili, 22 hadi 25 la Tatu.

Sasa mwanao. Kiswahili na Historia ni B mbili, pointi 4. Kiingereza, Jiografia, Baiolojia, Kemia na Biblia ni C tano, pointi 15. Jumla 19. Hilo ni Daraja la Pili, mama. Ukiniambia Biblia tuiweke kando, naweka Fizikia yenye D mahali pake, inakuwa 20, bado Daraja la Pili. Hesabu na Fizikia zenyewe, zinazomtoa jasho, ni D, hazijafika F. Huyu ndiye kijana unayeambiwa hajafikia kiwango cha kwenda kidato cha nne.

Nakubali, mtihani wa shule si mtihani wa taifa, na kidato cha nne kina mada zake ngumu. Lakini mara nyingi shule hizi hutunga mitihani migumu na kusahihisha kwa mkono mkavu kuliko Baraza, kwa hiyo sioni sababu ya kudhani akifika Novemba ataporomoka. Tena ulinganishe na Daraja la Pili alilolipata kidato cha pili. Mtoto yuko palepale alipokuwa. Aliyebadilika ni mtu mwingine.

Na wastani una hila yake. Unamwonea mtoto ambaye masomo yake hayalingani. Mwenye 60 kila somo anavuka akiwa na C tupu, pointi 21. Mwanao mwenye pointi 19 anabaki, kwa kuwa 33 ya Hisabati imevuta chini ile 72 ya Kiswahili. Kwa kipimo cha Baraza mwanao yuko mbele ya huyo mwenzake. Kwa kipimo cha shule yuko nyuma. Andika hili kwenye karatasi utakayokwenda nayo ofisini.

Kwa nini shule inafanya hivi? Pita barabara yoyote ya Dar mwezi Februari utaona mabango: Daraja la Kwanza wangapi, la Pili wangapi, sifuri hakuna. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, likisema halina tija, nami nilishangilia. Lakini mabango hayakushuka. Mzazi anayetafuta shule anauliza swali moja tu, "Mwaka jana walikuwa na Daraja la Kwanza wangapi?", na mkuu wa shule analijua swali hilo hata usingizini. Mwanao atawapunguzia idadi ya Daraja la Kwanza. Basi. Sisemi padri ni mtu mbaya. Wapo wakuu wa shule wanaoamini kwa dhati kwamba wastani unawafanya wavulana wasome, na kwa baadhi yao kweli unawafanya. Ila mwenye Daraja la Pili kuambiwa akariri mwaka mzima si malezi.

Kuhusu haki. Shule ya Kanisa ni shule binafsi, lakini imesajiliwa na Kamishna wa Elimu chini ya sheria ileile inayozihusu nyingine zote, na inafuata mtaala na mitihani ya taifa. Serikali imekwisha kusema hadharani, tena zaidi ya mara moja, kwamba shule binafsi hazina ruhusa ya kumkaririsha wala kumwondoa mwanafunzi kwa sababu hakufikia wastani uliowekwa na shule. Mwanao alifaulu mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Huo ndio mchujo unaotambuliwa. Mingine ni ya nyumbani kwao.

Ile fomu uliyosaini watakuonyesha, jiandae. Usibishe kwamba hukusaini. Sema, "Nilisaini, Baba, na nilikubali masharti halali ya shule. Naomba kujua sharti hili linapatanaje na maelekezo ya Wizara." Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, najua, hasa mbele ya kanzu.

Ile njia ya tatu, ya kusoma pale na kufanyia mtihani kwenye kituo kingine, usiikubali kabisa. Nimeiona ikipendekezwa kwa sauti ya huruma kama ilivyopendekezwa kwako. Wewe unalipa ada kamili, mtoto analala bweni lao na kufundishwa na walimu wao, halafu jina lake linaandikwa mahali ambapo hajawahi hata kukalia dawati, ili hesabu ya shule ibaki safi. Ikitokea tatizo lolote la usajili, la alama endelevu au la cheti, mtafukuzana na ofisi mbili zinazotupiana mpira. Na mtoto mwenyewe ataingia chumba cha mtihani asubuhi ya kwanza akijua amefichwa. Katika njia zote tatu, mimi hii ndiyo inayonikera zaidi.

Umeuliza kama ni dhambi. Wewe ni Mkatoliki, kwa hiyo nitakujibu kwa vitabu vyenu wenyewe. Sheria za Kanisa, zile za mwaka 1983, kanuni ya 212, zinasema waamini wako huru kuwaeleza wachungaji wao mahitaji yao, na wana haki, wakati mwingine hata wajibu, wa kusema wanachofikiri kwa ajili ya mema ya Kanisa, ilimradi kwa heshima. Kanuni ya 806 inampa Askofu wa jimbo haki ya kusimamia na kutembelea shule za Kikatoliki zilizo jimboni mwake, zikiwemo za mashirika ya kitawa. Na tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya elimu ya Kikristo, la Oktoba 1965, linazitaka shule za Kikatoliki ziwajali kwa namna ya pekee maskini na wasio na msaada. Halikutaja wastani. Kwa hiyo kumwandikia aliye juu ya mkuu wa shule si kumshtaki padri. Kanisa lenyewe limeweka mlango huo, nawe unaupita.

Usiogope pia hoja ya "hii ni shule ya Kanisa, nani atatugusa". Wanaosema hivyo wamesahau Pugu. Pale nje kidogo ya jiji palikuwa na chuo cha wamisionari cha wavulana, St. Francis, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha mwanzoni mwa miaka ya 1950, mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 ili afanye kazi ya TANU. Mwalimu huyohuyo, Mkatoliki wa misa kila asubuhi, ndiye aliyekuja kuwa Rais ambaye serikali yake kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitaifisha shule za misheni, Pugu ikiwemo, ili watoto wa dini zote na wa uwezo wote wapate nafasi. Seminari ziliachiwa Kanisa. Shule kama ya mwanao zilikuja baadaye, mlango wa shule binafsi ulipofunguliwa tena, na zilikaribishwa kwa sababu zilileta nidhamu na walimu. Sitaki yarudi ya mwaka 1969. Nakumbusha tu kwamba nchi hii haijawahi kukubali kuwa shule, hata yenye msalaba mlangoni, ni mali ya anayeiendesha peke yake.

Haya, sasa cha kufanya. Redioni usiende. Mkuu wa Wilaya naye mwache kwanza. Ukianza kwa kelele, mtoto ndiye atakayerudi bwenini kukaa na kelele hizo mwaka mzima.

Anza kwa kwenda shuleni ofisi zikiwa wazi, peke yako au na mtu mzima mmoja mwenye utulivu. Baba wa ubatizo wa kijana angefaa sana kama yuko mjini, maana hapo mnaongea kama Wakristo wanaomlea mtoto mmoja. Nenda na ripoti, matokeo ya kidato cha pili, na ile karatasi ya pointi. Mwambie mkuu wa shule kwamba umetafakari, na ungependa mwanao aendelee kidato cha nne na asajiliwe kwenye kituo cha shule hiyohiyo. Kisha mwombe jambo moja: kama shule haikubali, akupe uamuzi huo kwa maandishi, wenye sababu, sahihi na mhuri. Hapo ndipo utakapoona mambo. Ushauri unaotolewa kwa mdomo mara nyingi haupendi kuandikwa. Wapo wazazi ambao shauri lao liliishia hapo, kwa mkuu wa shule kusema, "Basi mama, mwache aje, tutamsaidia."

Asipokubali, andika barua ya ukurasa mmoja. Usilie humo wala usitaje kinanda, ijapokuwa najua kinakuuma. Jina la mtoto, kidato, alama, pointi zake kwa kipimo cha Baraza, ulichoambiwa na tarehe uliyoambiwa, na unachoomba. Kwa mfano: "Naomba mwanangu aruhusiwe kuendelea na kidato cha nne na asajiliwe katika kituo cha shule hii, kwa kuwa amefaulu Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili na ripoti yake ya sasa haioneshi kuwa ameshindwa." Iende kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule kupitia kwa mkuu wa shule. Chini weka nakala kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri ambamo shule ipo, na kwa mwenye shule. Mwenye shule ulize ni nani: kama ni jimbo, nakala iende kwa Katibu wa Elimu wa Jimbo Kuu, kama ni shirika la kitawa, kwa mkuu wa shirika hapa nchini. Ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule ya wilaya nayo ina kazi ya kusikiliza mambo haya. Kila nakala igongewe mhuri wa kupokelewa, nawe ubaki na yako.

Fanya haraka. Usajili wa watahiniwa wa kidato cha nne unafanyika mwanzoni mwa mwaka, na jina likishafungwa kwenye kituo, kulihamisha ni shida. Kukaa kimya mpaka Machi ni sawa na kuwaachia wao waamue.

Nikija kwa mumeo, hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Ule uongo wa Tunduma umekupa siku chache tu, na kila siku inayopita unamfanya mtoto ajione amefanya jambo la aibu ambalo hata mama yake analificha. Akijua kwa mtu wa jumuiya, utakuwa na kesi mbili. Lakini usimwambie kwa simu akiwa barabarani na tela la tani thelathini nyuma yake. Ngoja arudi, ale, alale. Asubuhi mpe ile karatasi ya pointi kabla ya ripoti. Namaanisha hivyo: asome kwanza "Daraja la Pili, pointi 19", ndipo asome 54 na wa 71 kati ya 88. Mwambie pia kwamba ulimdanganya kwenye simu na kwa nini. Baba anayechinja mbuzi kwa sababu mtoto amepita usaili anampenda mtoto huyo, ila amezoea kulisema hilo mbele za watu tu. Mpe kazi pia. Barua ikiwa na sahihi ya baba na mama, na baba huyo akiwa mwenyekiti wa jumuiya, inasomwa kwa jicho jingine. Dunia ndivyo ilivyo.

Halafu lipo la uinjinia. Nani aliyelipanga? Tazama tena alama. Kiswahili, Historia, Kiingereza, Jiografia, zote nne ziko juu ya 59. Hisabati na Fizikia ndizo za mwisho. Huyu kijana kwa sasa anaelekea tahasusi za sanaa, Historia na Jiografia na Kiingereza au Kiswahili, na huko kuna sheria, ualimu, uandishi, utawala, na hata huo muziki. Inawezekana sana shida yake kubwa kwa mwaka huu mzima ilikuwa kubeba ndoto ya mtu mwingine kwenye masomo mawili. Baba yake asiliamue hilo kwa hasira, wala asilizime. Amuulize kijana, amsikilize mpaka mwisho bila kukatiza.

Hisabati 33, hata hivyo, haiwezi kuachwa hivyo. Likizo hii mtafutie mwalimu wa mtaani anayejua kufundisha waliokata tamaa, siku tatu kwa wiki, arudi nyuma hadi mada za kidato cha kwanza na cha pili. Usimjaze twisheni za masomo yote. Na umuulize kwa upole kinanda kinakula saa ngapi bwenini. Mpiga kinanda wa shule ana mazoezi ya kwaya, misa, sikukuu za wasimamizi, ugeni wa Askofu, mahafali. Kama ni jioni nne kwa wiki, muombe mlezi wa kwaya apate msaidizi mwaka huu wa mtihani. Shule inayotaka wastani wa 60 haiwezi kumtumia mtoto jioni zote halafu ikamshangaa.

Mtoto mwenyewe ndiye ninayemhofia zaidi. Shule za wavulana zina ubabe wake: majina yanabandikwa ukutani kwa kupangwa wa kwanza hadi wa mwisho, na wa 71 anaitwa 71 hata kwenye foleni ya uji. Mvulana wa miaka 17 hatakuambia ameumia. Atakuambia "nikariri tu" ili shauri liishe. Usilichukue hilo kuwa ndiyo chaguo lake. Kaa naye, si mezani mkitazamana, bali mkifanya kazi, mkipanga sufuria dukani kwa mfano, umuulize: kama baba asingekasirika na padri asingesema kitu, wewe ungetaka nini? Jibu lake la kwanza liache lipite, subiri la pili. Na kama atazidi kutokula, kutolala, au atoe hata neno moja la kutamani kufa, usingoje maombi ya jumuiya peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Akisema hataki tena kurudi pale, msikilizeni, hata kama mmeshashinda shauri. Kuhusu shule ya kata nitasema wazi. Bangi ipo Dar, ipo kata na ipo kwenye shule za ada ya mamilioni, na anayesema vingine hajawahi kulala bweni. Tofauti ya kweli ni kwamba darasa la kata litakuwa na watoto wengi, walimu wa Hisabati na Fizikia wachache, na kelele za nyumbani jioni. Lakini masomo yanayombeba mwanao ndiyo hasa ambayo shule hizo zina walimu wake, na tangu mwaka 2016 hakuna ada. Pesa ambayo ingeenda bwenini ingelipa mwalimu mzuri wa Hisabati na bado ikabaki. Mimi ningekaa kwenye mpango huu: kwanza dai nafasi yake pale alipo, ikishindikana, ahamie kidato cha nne shule nyingine wiki ya kwanza ya muhula, kwa barua halali ya uhamisho na kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha pili. Kukariri ni la mwisho kabisa, na liwe kwa kupenda kwake akiwa ametulia, si leo akiwa amejifungia chumbani.

Jambo moja la pesa, maana wewe ni mfanyabiashara utanielewa. Usilipe awamu ya kwanza ya ada ya Januari mpaka upate jibu kwa maandishi la kidato gani na kituo gani. Pesa ikishaingia benki, utaombwa kuwa na subira.